Mtoto Akitimiza Miaka Saba Ni wa Nani?

Alikuja asubuhi kwa bodaboda yake, begani kaning'iniza begi jipya la shule ambalo bado lilikuwa kwenye nailoni ya dukani. Mtoto, tumwite Zawadi ingawa si jina lake, alikuwa ametimiza miaka 7 jana yake. "Mama Zawadi, nimekuja kumchukua mwanangu," akasema. "Sheria inasema akifika saba anarudi kwa baba." Mwanamke alikuwa anafua uani. Hakubishana, kwa sababu hata yeye hiyo sheria alikuwa ameisikia. Alijifuta povu, akaomba wapite kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti naye akawaleta kwangu, msaidizi wa kisheria wa kata, ambaye saa hizo nilikuwa hata chai sijanywa.

Sheria ya miaka saba nimeisikia mara nyingi kuliko kifungu chochote kilichoandikwa kweli. Mashangazi wanaitaja, wajumbe wanaitaja, na niliwahi kumsikia hata askari akiitaja. Haipo. Kilichopo ni kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambacho watu wamekisoma nusu, halafu ile nusu nyingine wakaitunga wenyewe. (Vifungu ninavyotaja humu ni kwa nambari za toleo la 2019. Na sheria yenyewe ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, na huko mambo ya ndoa na malezi ya Waislamu yanakwenda Mahakama ya Kadhi.)

Kifungu kinasema hivi: mtoto aliye chini ya miaka 7 anachukuliwa kuwa ni heri kwake akae na mama. Hiyo ni dhana, na baba anaruhusiwa kuivunja kwa ushahidi. Akionyesha kwamba mama analewa na kumfungia mtoto ndani usiku, au kwamba mama alishaondoka na mtoto amelelewa na baba tangu ana mwaka mmoja, dhana inaanguka hata kama mtoto ana miaka 3. Kisha kifungu hichohicho kinaongeza maneno ambayo sijawahi kumsikia mtu akiyanukuu mtaani: mahakama izingatie ubaya wa kuvuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha huku na kule.

Akivuka 7 kinatokea nini? Hakuna kinachotokea. Ile dhana ya kumpendelea mama inakoma, mizani inakaa sawa, na yeyote anayetaka mabadiliko lazima aeleze yatamfaa nini mtoto. Baba Zawadi alidhani umri ule umempa hati ya kumchukua mwanawe. Ukweli ni kwamba ulimwondolea kikwazo kimoja tu, na kilichobaki kilimwelemea upande mwingine, maana Zawadi alikuwa amekaa kwenye ua ule miaka 4, shule ikiwa hatua mia mbili kutoka mlangoni.

Imani yenyewe haikutoka hewani. Kwa Waislamu wa pwani wanaofuata madhehebu ya Shafii, malezi ya mtoto mdogo, yaani hadhana, ni ya mama mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua, ambao hukadiriwa miaka 7 hivi. Ila hata huko, anapofika umri huo mtoto huulizwa achague, si kwamba baba huja na pikipiki. Halafu ipo mila. Katika makabila mengi ya Bara, mahari ikishatolewa, watoto ni wa ukoo wa baba, na kumwacha mdogo kwa mama ni kama kumwazima mpaka akue. Lakini nenda kwa Waluguru au kwa Wamakonde, ambako ukoo unafuata upande wa mama, uwaambie kuwa mtoto ni wa baba. Mjomba wake atakucheka. Nchi haiwezi kuwa na jibu moja la mila katika jambo hili, na nadhani ndiyo maana sheria imeiweka mila mahali pa chini.

Imewekwa hapo waziwazi. Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni ustawi wa mtoto. Chini yake ndipo mahakama inatazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa ana umri wa kutoa maoni yake bila kulishwa maneno, na mila za jamii yao. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaongezea, katika kifungu cha 39, umri wa mtoto, faida ya ndugu kukaa pamoja, na haja ya malezi yasiyokatikakatika. Utajiri haumo katika orodha hiyo kama kigezo kinachojitegemea. Baba mwenye nyumba ya vigae hamshindi mama wa chumba kimoja kwa sababu ya vigae, maana upungufu wa fedha unazibwa kwa amri ya matunzo. Wala mtoto si adhabu kwa aliyekosa katika ndoa. Watu wanaingia mahakamani na meseji za uzinzi wakidhani ndizo zitakazowapa watoto, na hakimu anabaki kuuliza: huyo mtu alipokuwa anafanya hayo, mtoto alikuwa wapi, na nani alimpa chakula?

Niliwahi kukaa nje ya chumba cha hakimu mmoja, mlango ukiwa wazi kidogo, akizungumza na mtoto wa miaka 9. Hakumuuliza anampenda nani. Alimuuliza nani anamwamsha kwenda shule, nani anajua jina la mwalimu wake, akiumwa usiku analia akimwita nani. Dakika kumi hazikuisha.

Na si lazima jibu liwe mmoja kati ya wazazi wawili. Pakiwa na sababu za pekee, mahakama inaweza kumkabidhi mtoto kwa ndugu mwingine, na kwetu ndugu huyo mara nyingi ni bibi. Hapa nina neno na wazazi wenzangu. Nimeona mama akipigania mtoto miezi minane, akapewa, na mwezi wa tisa akampandisha basi kwenda kwa bibi yake kijijini kwa sababu yeye amepata kazi ya ndani mjini. Simlaumu kwa kutafuta riziki. Lakini kama mpango ulikuwa bibi tangu mwanzo, ulipaswa kusemwa mbele ya hakimu, kwa sababu baba ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto akae na bibi kilomita mia tatu wakati yeye yupo mtaa wa pili.

Aliyepewa mtoto hajapewa hati ya kiwanja. Kifungu cha 126 cha Sheria ya Ndoa kinairuhusu mahakama kuambatanisha masharti: mtoto asome wapi, alelewe katika dini ipi, amtembelee nani na lini, na kwamba asitolewe nje ya nchi. Hukumu ya Mama na Baba Zawadi niliisoma siku ile pale mezani. Ilikuwa imevunja ndoa na kumpa mama mtoto. Kuhusu baba ilisema "atamwona mtoto kwa wakati muafaka na kutoa matunzo kadiri ya uwezo." Ugomvi wa miaka 4 ulikuwa umelala ndani ya mstari huo mmoja.

Maana wakati muafaka kwa baba ni saa nne usiku akitoka kijiweni, na kwa mama ni Jumapili baada ya ibada, kwa nusu saa, yeye akiwa amesimama pembeni. Amri nzuri ya kumwona mtoto haioni aibu kutaja saa. Ijumaa ya kwanza na ya tatu ya mwezi, saa kumi jioni, baba anamchukua mtoto dukani kwa shangazi (si mlangoni kwa mama, kama mlangoni ndipo wanapotukanana), anamrudisha Jumapili saa kumi na moja akiwa ameshakula. Likizo ya Juni ni kwa baba, ya Desemba wagawane nusu kwa nusu. Sikukuu zipishane mwaka kwa mwaka. Simu ni kabla ya saa mbili usiku. Inachosha kuandika, najua, na makarani huguna. Ila kila saa iliyoandikwa ni ugomvi mmoja uliopungua. Palipokuwa na vipigo au kitisho, mtoto anaweza kuonwa ofisi ya ustawi wa jamii mbele ya ofisa, mpaka hali ieleweke.

Kosa kubwa kuliko yote nalisikia kwa sauti mbili. Mama anasema: "Hajaleta hela, mtoto hamwoni." Baba anasema: "Simwoni mtoto, hela sitoi." Wote wawili wanaona wanadai haki, wote wawili wanashika cha mtu mwingine. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto kinazungumzia wazazi waliotengana au kuachana, lakini ukikisoma utaona mwenye haki mle ndani ni mtoto. Yeye ndiye mwenye haki ya matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla wazazi hawajatengana. Yeye ndiye mwenye haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili atakapo, mradi haiharibu masomo. Kwa hiyo baba asiyetoa anadaiwa na mtoto, na mama anayefungia naye anadaiwa na huyohuyo mtoto. Madeni mawili, na moja halifuti lingine. Asiyelipwa aende mahakamani akadai. Asiyeonyeshwa mtoto naye aende. Kumchukua kwa nguvu toka kwa aliyekabidhiwa kisheria ni kosa, hata kama mchukuaji ndiye baba mzazi.

Sasa fedha. Watu wanaulizia kiwango kana kwamba kuna bango ukutani. Zamani kwa watoto wa nje ya ndoa kiwango kilikuwepo, na kilikuwa kichekesho: shilingi 100 kwa mwezi, na sheria hiyo iliendelea kuwa hai mpaka Sheria ya Mtoto ilipoifuta mwaka 2009, wakati mia moja hata soda hainunui. Leo hakuna jedwali. Mahakama inatazama kipato na mali za wazazi wote wawili, mizigo waliyonayo ya watoto wengine, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Inaweza pia kumtaka ofisa ustawi wa jamii afike nyumbani, aangalie, aandike taarifa.

Sheria zetu mbili hazisemi jambo hili kwa lugha moja. Ile ya 1971 inamtwika baba kwanza: ni wajibu wa mwanamume kuwapa watoto wake malazi, mavazi, chakula na elimu, wawe kwake au kwa mtu mwingine, na mama anaingia baba akiwa amekufa, hajulikani alipo, au hana uwezo. Ile ya 2009 inawatazama wazazi wote wawili. Mahakimu wanazisoma pamoja, na katika kesi nilizofuatilia matokeo yake ni kwamba baba hawezi kuukwepa mzigo kwa kusema mama ana kibanda cha chakula, lakini kibanda cha chakula nacho kinahesabiwa.

Kwa kuwa hakuna jedwali, mwenye hesabu ndiye anayesikilizwa. Mama Zawadi alikuwa na daftari, lile la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Tulilijumlisha pamoja. Chakula cha mtoto kwa mwezi, 90,000. Sehemu yake katika kodi ya chumba, 20,000. Shule yenyewe ni ya serikali na haina ada, ila uji na vitafunio, 1,000 kwa siku 22 za masomo, 22,000. Sabuni na mafuta ya kujipaka, 8,000. Dawa, akiumwa na asipoumwa, wastani 10,000. Sare, viatu na madaftari kwa mwaka 180,000, ambayo kwa mwezi ni 15,000, pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu, "viatu miezi mitano tu." Jumla 165,000.

Baba akasema anaweza 30,000, na kwamba yeye hana mshahara. Hilo la kutokuwa na mshahara ni wimbo wa kila siku, na si uongo, kwa sababu wengi wetu hatuna hati ya mshahara. Lakini asiye na mshahara si asiye na kipato. Alikuwa anaendesha pikipiki ya mkataba, analaza hesabu, yaani anampa tajiri mwenye pikipiki 10,000 kila siku, na mtu halazi hesabu ya kumi kila siku kama mwenyewe habaki na kitu. Mkataba ule wenyewe ni ushahidi. Miamala ya simu ni ushahidi. Majirani ni ushahidi. Alikuwa pia na mtoto mwingine wa miezi sita kwa mke mpya, na huyo ni mzigo halali ambao sheria inautambua. Mtoto wa pili anapunguza kiasi. Hamfuti wa kwanza.

Waliporudi mahakamani kurekebisha ule mstari wa "kadiri ya uwezo", hakimu aliandika 80,000 kwa mwezi kupitia simu ya mama, na baba anunue sare, viatu na madaftari mwenyewe. Mama abebe 70,000 zilizobaki. Nilipenda ile ya kupitia simu. Fedha za mkononi zina tabia ya kusahaulika na aliyepokea, na kuongezeka kwa aliyetoa. Ujumbe wa muamala haubishani na mtu. Na baba anayeleta gunia la mahindi asaini mahali, gunia ni matunzo pia.

Amri hiyo hudumu mpaka mtoto afike 18, na Sheria ya Mtoto inairuhusu mahakama kuisogeza mbele kama bado yuko masomoni. Mama kuolewa tena hakumwondolei baba wajibu. Mwanamume anayempokea mtoto wa mkewe kama wa familia yake naye anapata wajibu wa kumtunza pale wazazi wenyewe wanaposhindwa, ila alichotumia anaweza kukidai kama deni kwa baba au mama wa mtoto. Wanaume wengi waliolea watoto wa wenzao kimyakimya hawajui kwamba wana risiti ya aina hiyo.

Asipolipa? Unarudi mahakamani na maombi ya kukazia hukumu, yaani kuilazimisha itekelezwe. Kwa aliyeajiriwa, mshahara unaweza kukatwa kabla haujamfikia. Kwa wengine, mali inaweza kukamatwa. Mbali na hapo, kumnyima mtoto haki zake za msingi, matunzo yakiwemo, ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mtoto: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Binafsi sipendi kuanza na jela, kwa sababu aliye ndani halazi hesabu kwa tajiri wala hatumi 80,000.

Njia ya kufika huko ni fupi kueleza kuliko kupita. Anayetaka talaka lazima kwanza apite baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata au la dini yake, na likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, ile watu wanayoiita Fomu namba 3. Hati hiyo iwe haijapitisha miezi 6 siku ya kufungua shauri. Talaka iliyotamkwa au kuandikwa na mume wa Kiislamu ina uzito mkubwa mbele ya mahakama, lakini peke yake haigawi malezi wala haipangi matunzo. Bado inahitajika tuzo ya mahakama, yaani amri yake rasmi. Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza yote, na asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa. Anayetaka matunzo au malezi tu, bila habari ya talaka, anaweza kwenda Mahakama ya Watoto, na hapo cheti cha ndoa hakiulizwi: mtoto wa nje ya ndoa anadai kama mwingine yeyote, na baba akikana, kipimo cha vinasaba kinafanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wengi huanzia ustawi, na ni vizuri, hakuna gharama na ofisa anajua kupoza watu. Kumbukeni tu kwamba makubaliano ya ustawi ambayo hayajapelekwa mahakamani ni karatasi ya heshima. Heshima ikiisha, hakuna cha kukazia.

Asubuhi ile begi lilibaki kwa Zawadi. Alilifungua hapohapo mezani kwangu, akahesabu mifuko, akamuuliza baba yake kama Ijumaa atakuja nalo au aliache. Baba alikuwa anaangalia nje.

Miezi kumi baada ya amri ya hakimu, baba alirudi, peke yake. Tajiri alikuwa amechukua pikipiki yake, na yeye sasa anabeba mizigo sokoni. Alikuwa ametuma 80,000 miezi tisa mfululizo, mwezi wa kumi ametuma 25,000 na ujumbe wa kuomba radhi. Nilimwambia amefanya jambo ambalo wengi hawafanyi, kuja kabla deni halijaota mizizi, kwa sababu kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu amri kupunguzwa au kuongezwa hali ikibadilika, na kuomba kupunguziwa si sawa na kuacha kulipa. Tukaandika maombi. Siku ya kusikilizwa mama naye alikuja, na daftari lake. Hakupinga kupunguzwa kwa fedha. Alitaka hakimu aandike tu kwamba viatu vya Zawadi sasa ni namba mbili zaidi ya mwaka jana.